Huna ripoti ya polisi? Likizo yako iko palepale

"Bila ripoti ya polisi kazini hawakupi ruhusa." Hii ndiyo kauli inayowaponza Waswahili wengi walioko Marekani wanaohitaji likizo baada ya kufanyiwa ukatili nyumbani. Tumeibeba kutoka nyumbani, ambako mtu akipigwa anaulizwa kwanza RB na PF3 kama yuko Tanzania, au namba ya OB na fomu ya P3 kama yuko Kenya. Fomu hizo ni za kesi ya jinai. Likizo ya mfanyakazi aliyefanyiwa ukatili nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Jijini New York, mwajiri haruhusiwi kudai karatasi yoyote mpaka uwe umekosa zaidi ya siku 3 za kazi mfululizo. Akidai, barua ya mwanasheria, ya shehe au mchungaji, au yako mwenyewe iliyothibitishwa na notari inatosha, na haina haja ya kueleza nani alifanya nini. Illinois, VESSA, sheria ya jimbo hilo inayotoa likizo hii, inaanza na tamko lako la kiapo; ukiwa na karatasi nyingine, unayechagua ipi ya kumpa mwajiri ni wewe. California, hata maelezo uliyoyatia sahihi mwenyewe yanapokelewa.

Kinachowafukuzisha watu ni ukimya. Mtu anapotea siku nne, anarudi jicho limevimba, anakuta jina limeshafutwa kwenye ratiba. VESSA inataka taarifa ya saa 48 kabla, pale inapowezekana. Isipowezekana, tuma mistari miwili tu: "Nahitaji muda wa usalama leo na kesho. Nitarudi Alhamisi." Ndoa yako usiisimulie. Tuma kwa maandishi, maana maneno ya simu yanakanwa, kisha piga picha ya skrini. Na kama mwenzi wako anaijua nywila ya simu, picha hiyo hujaihifadhi. Itume kwa dada au rafiki.

"Huna makaratasi, huna haki." Uongo. New York na California zinamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji, na California bosi anayekutishia kukuitia uhamiaji kwa kudai haki yako anajiongezea kosa.

"Mimi yaya tu." Yaya jijini New York hujipatia saa 1 ya likizo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 40 za malipo kwa mwaka, hata akiwa mfanyakazi pekee wa nyumba hiyo.

"Sheria ya taifa itanitosha." Sheria hiyo ya likizo, FMLA, inahusu ugonjwa mzito, uzazi na kuuguza, kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi au kuhama nyumba haimo. Kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako. VESSA ya Illinois hutoa likizo ya wiki 4 kwa mwajiri mwenye watu wasiozidi 14, wiki 8 kwa 15 hadi 49, na 12 kuanzia 50. Wiki hizo hazina malipo, jipange.

"Ukiacha kazi mwenyewe, mafao ya kukosa kazi yamekwenda." California, Illinois na New York zinakubali ukatili wa nyumbani kuwa sababu halali ya kuacha kazi. Ila usiondoke kabla ya kuomba, kwa maandishi, ubadilishiwe zamu au kituo. Mwajiri akikataa, jibu lake liambatanishe na maombi ya mafao.