Jivaka ni nini hasa?

Ukinunua kopo la chyawanprash, ile dawa ya Kihindi nzito kama jamu, kwenye maduka ya Wahindi, iwe Dar au Mombasa, kuna viungo utavitambua, asali, iliki, samli, ila kuna jina moja linawachanganya wengi: jivaka. Hii ni okidi, yaani jamii ya yale maua ya kwenye vyungu, lakini hii inaota yenyewe porini kwenye misitu ya Himalaya huko India na Nepal. Kitaalamu ni Crepidium acuminatum, zamani iliitwa Malaxis acuminata. Kinachotumika sio ua, ni ile sehemu ya chini ya shina iliyovimba kama kitunguu, inakaushwa halafu inasagwa.

Jina lenyewe ni la Kisanskriti, limetokana na neno la kuishi, na hapo ndipo utaelewa kazi yake. Jivaka iko kwenye kundi la mimea minane linaloitwa ashtavarga, na minne kati ya hiyo ni okidi. Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, inaihesabu kama rasayana, dawa ya kurudisha mwili, kwa hiyo hupewa hasa mtu aliyekonda, aliyetoka kuugua muda mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha au homa na joto la mwili, na wanaume wanaolalamika kupungukiwa nguvu. Wanasema ladha yake ni tamu na inapoza.

Sasa tuwe wakweli hapa, tafiti nyingi zilizopo ni za maabara, kwa binadamu ushahidi ni mdogo sana, kwa hiyo mwenye TB asije akaacha dozi ya hospitali eti kapata jivaka, tafadhali sana.

Na mara nyingi hata kwenye kopo haimo! Waganga wa India walishaona zamani kwamba haipatikani kirahisi, kitabu chao cha Bhavaprakasha cha karne ya 16 kinaruhusu kabisa kuweka kiazi cha vidari, mmea mwingine kabisa, badala yake. Wanaotoka Makete, kusini mwa Tanzania, watanielewa haraka, maana chikanda inayochimbwa kule Kitulo na kupelekwa Zambia nayo ni viazi vya okidi, na shida ni ileile, ukichimba umeondoka na mmea mzima, na mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, mpaka zikutane na kuvu fulani kwenye udongo ndio zichipue.