Jina limefanana, basi ni babu yake?

Nimeletewa tena mti wa ukoo wa John Kenneth Galbraith, yule mchumi mrefu aliyekuwa balozi wa Marekani nchini India kuanzia 1961 hadi 1963, umepandishwa mpaka kwa machifu wa Uskoti. Ushahidi? Jina. Huku kuna Galbraith, kule kuna Galbraith, basi wameunganishwa.

Jamani!

Kizazi chake mwenyewe hakina shida. Alizaliwa 1908 Iona Station, Ontario, Kanada, kwa wazazi wakulima wenye asili ya Uskoti. Akasomea ufugaji chuoni Guelph, Ontario, akapata uzamivu wa uchumi wa kilimo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1934. Vyeti vipo.

Kasheshe inaanza ukivuka 1869 kurudi nyuma, kwa sababu ndipo Ontario ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo. Uskoti ilianza 1855. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, tena vya watu waliompa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Ndugu watano wakioa, mtaa unajaa mabinamu wa jina moja na rika moja. Wenye akina Juma Ali watatu nyumbani wananielewa. Ukimkuta Archibald Galbraith kwenye sensa, umepata jina. Mtu bado hujampata.

Hapo huwa nakimbilia ardhi, maana shamba lina namba na majina mawili hayalimi shamba moja bila sababu. Lakini Dunwich, eneo la Ontario walikokaa akina Galbraith hawa, iligawiwa na Kanali Thomas Talbot, mzee aliyeandika walowezi kwenye ramani kwa penseli, aliyemuudhi alifutwa. Hati ya serikali ya kumiliki shamba ilisubiri mtu afyeke, ajenge nyumba na asafishe barabara mbele ya shamba lake. Kwa hiyo mwaka wa hati si mwaka mtu alipofika, acheni kuunakili hivyo!

Vitabu vya utafiti wa ukoo vinataka vyanzo zaidi ya kimoja. Sawa, ila jiwe la kaburi, tanzia ya gazetini na Biblia ya familia mara nyingi vyote vimetoka kinywani mwa shangazi mmoja. Mimi mwenyewe huunganisha vizazi vingine kwa sababu tu shamba halikutoka nje ya familia, na sijui kama hilo linatosha.

Chifu wenu nimemtoa. Mkimtaka arudi, nileteeni kizazi kimoja kimoja kuanzia Dunwich.