Elifazi alisema kweli

Tangu nianze kufundisha Agano Jipya, kuna maswali mawili ninayoletewa kuliko mengine yote. Wazazi huuliza: kijana wetu anakwenda chuo kikuu, tumlindeje na hekima ya dunia? Vijana nao huuliza: tunaishije katikati ya nguvu za giza? Maswali yanatofautiana, ila kidole ni kilekile, na kimeelekezwa nje ya dirisha. Muulizaji anataka nimwonyeshe adui yuko upande gani ili akafunge mlango wa upande huo.

Simlaumu. Kwa miaka mingi nilijibu kama nilivyoulizwa: jihadhari na wanafalsafa, jihadhari na waganga, soma Neno, omba. Hakuna lililo baya hapo. Ila kadiri nilivyozidi kuzisoma nyaraka zenyewe, na kuangalia kila mstari uliandikiwa nani, ndivyo jibu langu lilivyonikaa vibaya mdomoni.

Chukua Wakorintho wa Kwanza, ambako maneno "hekima ya dunia" yametia nanga. Korintho ya Paulo haikuwa mji wa kale wa Wayunani tunaoudhania. Mji huo Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, ukakaa karibu miaka 100 bila kurudi hadhi yake, hadi Julius Caesar alipouanzisha upya mwaka 44 KK kuwa koloni la Kirumi. Wengi wa walioletwa kuishi humo walikuwa watumwa walioachwa huru. Paulo alipofika, karibu na mwaka 50 BK, ulikuwa mji wa biashara baina ya bahari mbili, mji wa watu waliopanda haraka na wasiokuwa na ukoo mkubwa wa kujivunia. Asiye na jina la babu hujitafutia jina mwenyewe: kwa mali, kwa kuchonga jina lake kwenye jiwe la jengo alilolifadhili, na kwa mdomo.

Huo mdomo ndio wenye habari yetu. Neno la Kigiriki ni sofia, na masikioni mwa Mkorintho wa kawaida halikumaanisha kwanza elimu ya vitabu. Lilimletea picha ya msemaji mahiri, mtu anayeweza kusimama mbele ya umati akaugeuza anavyotaka, akaondoka na ada na wafuasi. Dio Chrysostom, msemaji wa karne ileile ya kwanza, anasimulia jinsi kwenye michezo ya Isthmia, nje kidogo ya Korintho, walimu wa namna hii walivyozunguka hekalu la Poseidoni wakipigiana kelele na kutukanana, huku wanafunzi wao wakigombana wao kwa wao. Ukiwa na picha hiyo kichwani, rudi usome: "Mimi ni wa Paulo," "na mimi ni wa Apolo," "na mimi ni wa Kefa." Hao ni mashabiki. Wameingia kanisani na desturi ya uwanjani na kuipa wimbo.

Basi Paulo anapoiita hekima ya dunia upuzi, hana ugomvi na hesabu wala tiba. Anakata mzizi wa kipimo kile cha nani anaongea vizuri kuliko nani, na mimi niko kundi la nani. Ndiyo maana anawakumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuja kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Baadaye walimsema waziwazi kuwa nyaraka zake ni nzito, ila akiwapo kwa mwili ni dhaifu na maneno yake si kitu. Hebu jiweke mahali pake. Umeanzisha kanisa, umekaa nalo mwaka mmoja na nusu, halafu waumini wanakupa alama za chini kwa kuwa huna sauti ya jukwaani.

Kichekesho kichungu zaidi kiko sura ya sita. Watu haohao wanaojigamba kwa hekima wanaburutana mahakamani, ndugu kwa ndugu, na Paulo anawauliza: hakuna kwenu hata mmoja mwenye hekima awezaye kukata shauri la ndugu zake? Ukiisoma haraka utaipita. Ukiisoma polepole utasikia kejeli ya mtu aliyeumia.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kina maneno mengi pale ambapo tafsiri inatumia moja. Tuna elimu, akili, busara, werevu, ujanja, hila. Mtu anaweza kuwa na elimu bila hila, na mwingine akawa na hila tupu bila kumaliza hata darasa moja. Musa, kwa maneno ya Stefano, alifundishwa hekima yote ya Wamisri, na Stefano anamsifu. Danieli na wenzake waliwekwa miaka mitatu wajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo, taifa lililokuwa limewateka. Walikataa chakula cha mfalme, masomo hawakuyakataa. Wamebadilishwa hata majina na bado wanakaa darasani, wanashika nafasi ya kwanza. Mzazi mwenye kijana anayekwenda chuo ningempa sura hiyo moja, na ningemwomba aangalie kwa makini Danieli alichora mstari wapi, kwa sababu hakuuchora pale ambapo sisi huwa tunauchora.

Sasa giza.

Tunaposema "nguvu za giza" kanisani, akili inakwenda moja kwa moja kwenye uchawi, mapepo, ndoto za usiku. Sikatai kwamba yapo. Waefeso sura ya sita inataja wakuu wa giza hili waziwazi, na Efeso ulikuwa mji uliovuma kwa maneno ya kichawi ya kuvaa mwilini na kutamka. Matendo 19 inasema vitabu vya uganga vilivyochomwa huko vilifikia thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Kama kipande kimoja kilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama inavyokadiriwa, basi hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 130 bila kupumzika hata siku moja. Na wengi husahau kwamba mstari uliotangulia unasema waliokuja kuungama matendo yao walikuwa watu waliokwisha kuamini. Yaani walikuwa tayari ndani ya kanisa.

Lakini fungua waraka kwa Waefeso, utafute mahali pa kwanza Ibilisi anapotajwa kwa jina hilo. Ni sura ya nne, mstari wa 27: "wala msimpe Ibilisi nafasi." Nafasi gani? Mstari wa nyuma yake unajibu: jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Kwa watu wa mji wa hirizi na vitabu vya uganga, mlango unaotajwa ni hasira unayolala nayo usiku kucha. Nimefundisha mstari huu mara nyingi, na kila mara kuna mtu darasani anayeinamisha kichwa. Miaka ya hapo nyuma nilidhani anaandika.

Yohana ndiye hasiti kabisa. Asemaye yumo nuruni, naye amchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa. Halafu anaongeza kwamba mtu huyo hajui aendako, kwa sababu giza limempofusha macho. Angalia mpangilio wake: haoni, na hajui kuwa haoni. Anayejua jinsi jicho linavyofanya kazi ataielewa picha hii upesi. Umeme ukikatika usiku, dakika za kwanza huoni kitu. Ukikaa, mboni inapanuka, na taratibu jicho linaongeza wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa nusu saa hivi linakuwa limezoea. Unaanza kuona umbo la meza, la mlango, unapita bila kujigonga, unajiambia kuwa giza si kubwa kama lilivyokuwa. Giza ni lilelile. Jicho ndilo limekubaliana nalo, na rangi zote bado zimepotea.

Niseme kisa changu, maana bila hicho haya yote ni ufasaha tu, na tumeshaona Paulo anafikiri nini juu ya ufasaha.

Kulikuwa na kipindi cha kujifunza Biblia, kila wiki, kilichoongozwa kwa zamu. Zamu moja ilimwangukia mzee ambaye hakusoma chuo cha theolojia wala kingine. Alikuja na karatasi moja ya daftari, ameipiga mistari kwa rula, ameandika hoja zake kwa herufi kubwa kubwa. Somo lilikuwa juu ya kuvumilia kurudiwa na Mungu, na alianza na Ayubu sura ya tano: heri mtu ambaye Mungu amwadhibu. Akaeleza hoja ya kwanza, ya pili. Katikati ya ya tatu nikanyosha mkono.

Nikasema, kwa sauti ya upole ile ya mtu anayejua ameshika karata, kwamba maneno hayo si ya Ayubu wala si ya Mungu. Ni ya Elifazi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu katika mateso yake. Na Elifazi, ukienda sura ya 42 mstari wa saba, Mungu mwenyewe anamwambia hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo, nikamaliza, hatuwezi kujenga fundisho juu ya kinywa cha mtu ambaye Mungu amemkemea.

Kukapita mnong'ono wa kukubali. Mtu mmoja akasema, "Ndiyo maana tunahitaji wasomi." Mzee akaitazama karatasi yake. Akaikunja mara mbili, akalainisha mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Asante, Mwalimu," akasema, "naomba tufunge kwa maombi." Nilirudi nyumbani nimefurahi. Kweli nilifurahi, usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Niliuliza, nikaambiwa labda ana kazi nyingi. Nikatosheka na jibu. Jicho lilikuwa limeshazoea.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa naandaa somo la Wakorintho wa Kwanza, sura ya tatu. Somo nililolifundisha mara nyingi kiasi cha kutohitaji maandalizi. Mstari wa 19: hekima ya dunia hii ni upuzi mbele za Mungu, kwa maana imeandikwa, yeye ndiye awanasaye wenye hekima katika hila yao. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anajua nukuu hiyo inatoka wapi. Mimi nimeisahihisha kwenye mitihani. Inatoka Ayubu sura ya tano, mstari wa 13. Msemaji ni Elifazi.

Nilikaa na kalamu mkononi. Sura ileile. Mistari minne tu kabla ya ule niliomzuia mzee wa watu asiufundishe. Mtume mwenyewe amejenga hoja yake juu ya kinywa hicho, na amekitangulizia neno "imeandikwa". Elifazi, basi, alisema mengi ya kweli. Kosa lake lilikuwa alimsemea nani na kwa ajili gani: mtu amekaa majivuni anajikuna kwa kigae, wewe unamsomea kanuni. Kweli yenyewe ikageuka kuwa fimbo. Yakobo anaieleza hekima ya namna hiyo bila kumung'unya maneno. Penye wivu wenye uchungu na ugomvi moyoni, anasema, hekima hiyo ni ya dunia, ya tabia ya kibinadamu, na ya Shetani. Hasemi kwamba maneno yake ni ya uongo. Anapima inachozaa. Na hekima itokayo juu anaipa sifa ambayo siku ile sikuwa nayo hata chembe: tayari kusikiliza maneno ya watu.

Mkorintho aliyekuwa akipiga kelele kando ya hekalu la Poseidoni nilimjua sura yake sasa. Alikuwa na digrii yangu.

Nilichukua siku nne kumwendea, na sina sababu nzuri ya siku hizo. Nilimkuta barazani, akanikaribisha kama vile hakuna kilichotokea, akaagiza niletewe kiti. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa jinsi nilivyomkatiza mbele ya watu, tena nimegundua hata hoja yangu haikuwa sawa. Nikaanza kumweleza habari ya Paulo na Ayubu tano. Alinyanyua mkono kidogo, akaingia ndani, akakaa kitambo. Alirudi na Biblia yake, akaifungua katikati, akatoa karatasi ile ya daftari. Mkunjo wake ulikuwa umeanza kuchanika.

"Mwalimu," akasema, "siku ile sikufika namba nne."

Akanigeuzia nisome. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari kwa rula: WATAULIZA HABARI YA ELIFAZI. SOMA 1 KOR 3:19.