Dakika 30 za protini: hofu isiyo na msingi

Wengi wanaofanya mazoezi mazito huamini kwamba asiyekunywa unga wa protini ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi amemwaga jasho bure. Si kweli: misuli huendelea kuitumia vizuri protini kwa takriban saa 24, na inasikitisha kuona kijana akijinyima chakula cha mchana ili anunue kopo la unga. Kule Iten, mji wa Kenya, wakimbiaji wanaporudi kutoka mazoezi ya alfajiri hunywa chai ya maziwa iliyokolea sukari, ambayo huwarudishia kwa pamoja maji, wanga na protini kiasi; nusu lita ya maziwa pekee ina takriban gramu 16 za protini. Haraka humfaa hasa anayerudi mazoezini siku hiyo hiyo, kwa kuwa akiba ya wanga misulini hujazwa upesi zaidi katika saa za mwanzo.