Kadi mbili za grafiki si kasi mara mbili

Hapa Goma, vijana wanaojiundia kompyuta za gemu kwa vipuri vilivyotumika hupewa ushauri uleule: nunua kadi mbili za grafiki za NVIDIA aina ya GTX 1080, za GB 8 kila moja, uziunge kwa SLI (mfumo wa NVIDIA wa kufanya kadi mbili zichore gemu moja pamoja), upate kasi maradufu na memori ya GB 16. Si kweli, na ushauri huo unawapotezea watu pesa walizozitafuta kwa jasho.

Memori kwanza. Katika SLI kila kadi hubeba nakala yake ya data zilezile za mchezo, kwa hiyo GB 8 na GB 8 zinabaki GB 8.

Kasi ina mambo zaidi. Kwa kawaida kadi hupokezana fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo wa mchezo: hii inachora ya kwanza, ile ya pili. Lakini gemu nyingi za sasa huchora fremu mpya kwa kutumia data za fremu iliyotangulia, basi kadi moja inalazimika kuingoja nyingine. Hata idadi ya fremu kwa sekunde ikipanda, zinaweza kufika kwa vipindi visivyo sawa, na jicho likaona mchezo unakwamakwama. Hilo ndilo baya zaidi, maana namba kwenye skrini inakuambia mambo ni mazuri. Na gemu isiyoandaliwa kwa SLI hutumia kadi moja tu. Tangu 2021 NVIDIA haiongezi tena maandalizi mapya ya SLI kwa kadi hizo.

Halafu umeme: GTX 1080 moja imepangiwa wati 180, mbili ni 360. Anayetegemea betri na inveta ahesabu vizuri.

Kwa gemu, unganisha hela za kadi mbili ununue moja yenye nguvu zaidi. Anayetengeneza picha kwa Blender, programu ya picha za 3D, yeye anaweza kufaidi kadi mbili, tena bila SLI.