Kiwavi Anayeshona Makuti ya Mnazi Hahitaji Kupuliziwa Dawa

Malalamiko kuhusu makuti yaliyoshonwa na kuliwa kingoni yameongezeka kutoka Ganda, Mambrui na Gede katika Kaunti ya Kilifi, na baadhi ya wakulima wananunua dawa kabla hata ya kumwona mdudu mwenyewe. Aghalabu huwa ni kiwavi wa kipepeo ajulikanaye kitaalamu kama Zophopetes dysmephila, wa jamii ya Hesperiidae, mwenyeji wa Afrika ambaye hula pia majani ya mkindu.

Kipepeo huyu si nondo, ingawa ni wa kahawia, mnene wa kifua, na huruka kwa kasi jua linapotua, wakati mgema anapokwea kugema tembo la jioni. Ukimtazama kwa karibu utaona ncha ya kipapasio chake imepinda kama ndoana. Kiwavi wake huunganisha kingo za ukuti kwa nyuzi za hariri hadi ukawa mrija, akajificha humo mchana, akatoka usiku kula, na mwishowe akageuka pupa humo humo. Ukiufungua mrija utakuta kichwa kikubwa kilichoshikwa na shingo nyembamba mno.

Tumeeleza mara nyingi, na tunalazimika kurudia, kwamba mikato ya pembetatu kwenye makuti ni kazi ya chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele kabla kuti halijafunguka na ambaye mabuu yake hukulia katika magogo ya minazi yaliyooza. Kumpulizia kiwavi hakumwondoi chonga. Zaidi ya hayo, dawa huua majimoto, wale chungu wekundu waishio juu ya miti wanaoulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka vikaanguka, na mnazi unaogemwa haufai kupuliziwa kabisa kwa kuwa tembo lake hunywewa.

Chini ya Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Viuatilifu, Sura ya 346, dawa yoyote lazima iwe imesajiliwa na bodi husika, nambari ya usajili ionekane kwenye kibandiko, muuzaji awe na leseni ya duka lake, na matumizi yafuate maelezo ya kibandiko. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au yote mawili. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina kibandiko, kwa hiyo haikubaliki.

Mwenye shaka akate ukuti wenye mrija, autie ndani ya mfuko wa karatasi, aandike kijiji na tarehe, kisha auwasilishe kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua chochote.