Ni nani anayezishika silaha za nyuklia? Utafiti wa Scott Sagan kuhusu uzuiaji na ajali

Tangu mwaka 1945, dola zenye silaha za nyuklia zimejenga usalama wao juu ya hoja moja: adui hatathubutu kushambulia akijua kwamba atalipizwa kisasi kitakachomwangamiza. Hoja hiyo ndiyo inayoitwa uzuiaji wa nyuklia. Mwaka 1946 Bernard Brodie, msomi wa Marekani, aliandika kwamba jeshi, ambalo hadi hapo kazi yake kubwa ilikuwa kushinda vita, tangu sasa kazi yake ingekuwa kuviepusha. Mwaka 1959 Albert Wohlstetter akaongeza kwamba kuwa na mabomu hakutoshi, kwa kuwa kinachomzuia adui ni uwezo wa kujibu mapigo hata baada ya kupigwa kwanza. Ndege zilizopangwa wazi katika vituo vilivyo karibu na adui zaweza kumshawishi awahi kuzipiga kabla hazijaruka.

Nadharia hii kwa kawaida huizungumzia dola kana kwamba ni mtu mmoja mwenye akili moja, anayepima faida na hasara kisha akaamua. Scott Sagan, profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuja na swali la namna nyingine. Silaha hizi haziko mkononi mwa rais. Ziko mikononi mwa walinzi wa zamu, mafundi wa umeme, marubani na maafisa wa rada, watu wanaofanya kazi ndani ya taasisi kubwa zenye taratibu, mazoea na siri zake. Je, taasisi hizo zinaweza kuzitunza kwa miongo mingi bila kukosea hata mara moja? Ili kulijibu swali hilo alipekua nyaraka za jeshi la Marekani zilizokuwa za siri, akawahoji watu waliokuwa kazini, na matokeo akayachapisha mwaka 1993.

Tukio mojawapo alilolichambua lilitokea usiku wa tarehe 25 Oktoba 1962, katikati ya mgogoro wa makombora ya Cuba, pale Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipokabiliana juu ya makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba. Katika kituo cha kijeshi cha Duluth, jimbo la Minnesota, mlinzi aliona kiumbe akipanda uzio. Alimfyatulia risasi, kisha akawasha king'ora cha kutahadharisha kwamba kuna hujuma, na ving'ora vya vituo vingine vya eneo hilo vikalia kwa pamoja, kama vilivyokusudiwa. Lakini katika uwanja wa Volk Field, jimbo la Wisconsin, nyaya zilikuwa zimeunganishwa vibaya, na king'ora kilicholia hakikuwa cha hujuma bali kile cha kuwaamuru marubani waruke mara moja. Marubani hao walikuwa wameelezwa kwamba katika hali ile ya tahadhari hakungekuwa na mazoezi, kwa hiyo walikimbilia ndege zao, zilizobeba makombora ya nyuklia ya kutungulia ndege za adui, wakiamini kwamba vita na Umoja wa Kisovieti vimekwisha kuanza. Ilibidi afisa mmoja aingie na gari kwenye njia ya kurukia, huku akiwasha na kuzima taa, ili kuwasimamisha. Kiumbe aliyekuwa akipanda uzio kule Duluth alikuwa dubu.

Jambo la kuzingatia katika mkasa huu si dubu wala mlinzi. Mlinzi alifanya alichofundishwa, na marubani vilevile. Hatari ilizaliwa na kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Hapo Sagan alitumia nadharia ya Charles Perrow, mwanasosholojia aliyechunguza ajali za mitambo mikubwa na kuhitimisha kwamba mfumo wenye sehemu nyingi zinazoingiliana, tena zinazofuatana kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutafakari, lazima siku moja upate ajali ambayo hakuna aliyeiwaza. Ukiongeza king'ora juu ya king'ora na kinga juu ya kinga, unaongeza pia njia ambazo hitilafu ndogo inaweza kupita. Hili ni gumu kulikubali, kwa sababu jibu la kwanza la kila taasisi baada ya hitilafu ni kuongeza kinga nyingine.

Siku iliyofuata, tarehe 26 Oktoba, kombora la masafa marefu lilirushwa kwa majaribio kutoka kituo cha Vandenberg, California, kuelekea Kwajalein katika Visiwa vya Marshall. Jaribio hilo lilikuwa kwenye ratiba kabla ya mgogoro, na hakuna aliyelisitisha, ingawa makombora mengine ya kituo hicho hicho yalikuwa yamefungwa vichwa vya nyuklia. Yeyote aliyekuwa akikitazama kituo hicho kutoka nje angekuwa na sababu ya kudhani mabaya.

Kenneth Waltz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa uhusiano wa kimataifa, hakukubaliana na Sagan, na majadiliano yao yaliyochapishwa mwaka 1995 bado yanasomwa vyuoni. Waltz alishikilia kwamba hofu ya maangamizi huwafanya viongozi wawe waangalifu, na kwamba kuenea kwa silaha hizo taratibu kungeweza hata kuleta utulivu. Hoja yake si ya kupuuzwa: hakuna dola iliyotumia bomu la nyuklia vitani tangu Marekani ilipoupiga mji wa Nagasaki, Japani, mwaka 1945. Hata hivyo, kwa maoni yangu hoja hiyo inaeleza uamuzi wa viongozi tu, wala haigusi nyaya za Volk Field. Kiongozi mwangalifu kuliko wote hawezi kukizuia kitu ambacho hajui kama kinatokea.

Ushahidi wa karibuni unatoka Asia ya Kusini. Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India aina ya BrahMos, lisilokuwa na kichwa cha mlipuko, lilifyatuka kwa bahati mbaya, likaingia Pakistan na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu. Nchi zote mbili zina silaha za nyuklia, na kombora lililo angani halimwambii anayelitazama kwenye rada kama limebeba kichwa cha nyuklia au halikubeba. India ilitoa tamko la kusikitika baada ya siku mbili, ikitaja hitilafu ya kiufundi wakati wa matengenezo ya kawaida. Mwezi Agosti maelezo yalibadilika: maafisa watatu hawakufuata taratibu, na wakafukuzwa kazi. Sagan alikwisha kuonya kwamba taasisi hujifunza kidogo kutokana na ajali zake kwa sababu kutafuta wa kulaumiwa ni rahisi kuliko kuuchunguza mfumo wenyewe. Maafisa wale watatu wameondoka, lakini kufukuzwa kwao hakutuelezi ni kwa vipi mfumo uliruhusu makosa ya watu watatu yatoshe kurusha kombora hadi ndani ya nchi jirani.